Alama ya Ishirini

Maji yaliyokuwa yakipanda kadiri gesi ilivyopungua yalisimama kwenye alama ya ishirini ndani ya bomba la kioo. Haidrojeni iliyonywewa na mchanganyiko wangu ilitosha barabara kupunguza vifungo vitatu vya kaboni vikabaki viwili.

"Umeona?" nikamtambia mwenzangu wa maabara. "Ile sumu ya kupunguza makali ya kichocheo imefanya kazi."

"Sumu ipi, bwana mkubwa? Kichupa chake hiki hapa, hata hujakifungua."

Nikakigeuza kichupa. Lakiri ilikuwa nzima. Bila sumu, gesi ilipaswa kuendelea kunywewa mpaka ipunguze hata hivyo viwili na kuharibu kazi yangu ya miezi minne.

"Funga koki ya gesi, ndugu yangu, ushaponea chupuchupu!" akanihimiza. Nikaishika koki.

Maji hayakutikisika. Sasa nini kiliizuia gesi?

Nikaondoa mkono kwenye koki bila kuifunga, nikavuta kiti nikae nitazame.