Mafua ya Mama Atupele

Sheria haikuruhusu mgonjwa kupanda ndege, kwa hiyo kila msafiri aliweka kiganja juu ya kichwa cha mnyama wake na kumwachia ugonjwa mpaka arudi.

"Ni mafua tu, mdogo wangu," Mama Atupele alimwambia Sekela, akimkabidhi nyumba na paka wake, Kijivu. "Mpe supu, atajipigia chafya zake."

Siku ya tatu Kijivu hakupiga hata chafya moja. Alikuwa chini ya meza, akihema kama aliyekimbizwa, na mate yake yalikuwa na damu. Sekela alipiga magoti, akamwekea kiganja kichwani, akaomba kama walivyozoea kuwaombea wagonjwa kanisani. Aliposema amina, paka alisimama, akajinyoosha, akaenda kula.

Sekela alimpigia simu mwenye nyumba huku akilia kwa furaha. "Amepona, mama! Nimemwombea!"

"Ulimgusa kichwani?"

"Ndiyo, mama."

"Sekela, kwako unafuga mnyama yeyote?"

Kifua kilimbana ghafla, akakohoa kwanza ndipo akajibu.

"Hapana, mama. Niko na mwanangu tu."