Picha Juu ya Kiti Kikubwa

"Inua kushoto, mzee. Kidogo tu. Hapo hapo, usitikisike!"

Mzee Vioo, juu ya stuli, aliishikilia picha kwa mikono miwili. Chini yake Mkurugenzi wa hospitali alirudi nyuma hatua tatu, mikono kiunoni, akiitazama kama mtu aliyekabidhiwa gari jipya.

"Safi. Piga msumari. Na ile bahasha yangu?"

"Bado, bosi."

"Bado tu?"

"Wanasema mashine imeharibika, bosi."

Mkurugenzi alijipapasa nyuma ya shingo, penye kovu. Kinundu alikikatisha kwa rafiki yake daktari, kimyakimya, kikawekwa kwenye chupa yenye namba bila jina. Mkubwa akisikika anaumwa, kiti chake hupata wachumba kabla hata hajalala kitandani. Chupa ilikwenda maabara kwa mkono wa Mzee Vioo, na majibu yarudi kwa mkono huo huo. "Huyu hajui kusoma," Mkurugenzi alimwambia rafiki yake, mzee mwenyewe kasimama pale pale, kana kwamba ni kabati.

Kusoma hajui, kweli. Namba anazijua. Asingezijua, angepangaje vioo? Ndiyo kazi yake miaka kumi na tisa: kuosha na kupanga vile vioo vidogo ambavyo juu yake hukaa nyama ya mgonjwa, nyembamba kuliko ganda la kitunguu, imetiwa rangi ipate kuonekana. Saa ya chakula daktari wa maabara humwachia hadubini achungulie. Rangi zilizopita muda huzibeba nyumbani, akachorea alichokiona.

"Tazama, mzee," daktari alimfundisha siku moja, mdomo umejaa mkate. "Seli zikikaa safu safu, kila moja kwake, mtu ana bahati. Zikibomoa kuta na kuhamia kwa jirani, waite ndugu zake."

Picha hii ilikuwa ya pinki, na juu ya pinki vidoa vya zambarau maelfu. Pembeni vilikaa safu safu kama punje za gunzi. Katikati vilipandana, vikasukumana, vikamwagika kila upande.

"Wageni wa Ijumaa wataniuliza ni nini," Mkurugenzi alisema.

"Nyama ya mtu, bosi."

"Toba! Ya nani?"

"Sisi wa chini tunapewa namba tu."

Mkurugenzi akacheka, simu ikaita, akatoka nayo koridoni. Katibu wake, aliyekuwa akipanga mafaili, alisogea hadi chini ya stuli.

"Baba, hii si ya mama kweli?"

Jengo zima lilijua habari za mama, mke wa Mzee Vioo. Uvimbe wa titi. Majibu yake yalitoka maabara baada ya wiki moja, lakini kanuni ilisema jibu halitoki bila sahihi ya Mkurugenzi, na Mkurugenzi alikuwa semina, halafu likizo, halafu semina nyingine. Mkubwa akichelewa, ana shughuli. Mdogo akichelewa, ni mzembe. Miezi minne bahasha ililala kwenye trei, juu ya meza hii hii. Kila asubuhi Mkurugenzi alipokuwapo, mzee alisimama mlangoni, kofia mkononi: "Bosi, majibu ya mke wangu?" Kila mara aliambiwa, "Bado, mzee. Subira huvuta heri." Heri ilipovutika, ilimkuta mama kaburini.

"Unawezaje kumtundikia huyu?" katibu alinong'ona, macho yamelowa.

"Nilimwekea picha saba mezani, mwanangu. Hii kaichagua mwenyewe. Akaniambia niichore upya, kubwa."

Mkurugenzi alirudi, akaketi kwenye kiti chake kikubwa, akaegemea. Kisogo chake kilikuja sawasawa chini ya vile vidoa vya zambarau.

"Inanipendeza?"

"Utadhani mmezaliwa pamoja, bosi."

"Mzee bwana!" Alicheka hadi akakohoa, akajikuna kovu. "Lakini ile bahasha, mwezi wa nne huu. Au niache? Kungekuwa na neno wangenikimbilia."

"Subira huvuta heri, bosi."

"Hapo umenena. Na hii haitaniangukia kichwani?"

"Itakaa. Nyuma nimeibandika karatasi, isipate unyevu."

Mzee Vioo akashuka, akafuta stuli kwa kiganja, akachukua nyundo yake na kufunga mlango taratibu.

Ukutani, nyuma ya picha, bahasha ya kaki yenye namba bila jina, namba ile ile ya kioo kilichochorwa, ilikuwa imeshikwa na gundi pembe zote nne. Ilikuwa na wiki kumi na tano, na hakuna aliyeifungua.