Nyuzi Nne

"Nyuzi joto nne?" Maritza aliisogelea simu mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Mwenzangu, baba yako anaishi ndani ya nyuzi nne?"

Yasna alikuwa anamwonyesha mfanyakazi mwenzake taa tu. Wiki nzima pale kaunta ya duka la dawa, kila mteja asiye na haraka alionyeshwa kile kitaa cha kijani kwenye simu, alama ya hewa safi, ikitoka moja kwa moja kwenye kipima hewa alichomfungia mzee wake kule Coyhaique. Maandishi madogo ya chini, ya joto la chumba, hakuwahi kuyasoma. Nani ahangaike na maandishi madogo wakati taa imewaka kijani?

"Kimeharibika," alisema.

"Labda," akajibu Maritza, akiigusa ile nne kwa kidole.

Mapafu ya baba yake, Don Belarmino, yalikuwa yameliwa na moshi wa jiko la kuni. Daktari alilisema hilo bila kuzunguka. Baridi ilipoanza, Yasna akamletea kile kimashine, ukubwa wa kipande cha sabuni, na waya wake mweupe. Kikawaka chekundu siku hiyo hiyo, kikabaki hivyo. Jumapili iliyopita uvumilivu ukamwisha, akapiga simu.

"Baba, kikiwaka chekundu tena nakuja na lori. Unahamia kwangu Puerto Aysén, ghorofani, na nyumba hiyo tunaiuza."

"Ghorofani nikafanye nini? Nichungulie vichwa vya watu?"

"Ukapumue!"

Jumatatu kitaa kikawa kijani. Mzee amesikia, Yasna akatangaza mji mzima.

Sasa alirudisha kumbukumbu za kimashine nyuma. Jana nne. Juzi nne. Alfajiri nne, adhuhuri nne, mstari umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Na ulianza Jumatatu.

Mzee hakupunguza moshi. Alizima jiko. Mwezi wa Julai, kilele cha baridi, maji yanaganda ndani ya mabomba, na baba yake amekaa kwenye nyumba ya barafu ili tu asing'olewe humo. Na aliyemtisha ni nani?

Alipiga simu. Iliita mpaka ikakata. Akampigia jirani, Doña Herminda, yule anayepokea kabla simu haijalia vizuri na kukwambia nani kaachana na nani kabla hujamsalimu. Kimya. Akapiga tena. Kimya.

"Nenda," Maritza alisema, akimvua koti la kazi kwa nguvu. "Na usiendeshe kama mwehu, barabara ni kioo cha barafu."

Aliendesha kama mwehu. Redioni walisema leo ni siku ya dharura Coyhaique, moshi umezidi, marufuku kuwasha kuni, wakaguzi wanapita mitaani. Akaizima. Kichwani alikuwa na picha moja tu: kile kiti cha dirishani, poncho la sufu mabegani, na mikono ambayo haisogei.

Mtaani moshi na ukungu vilikuwa vimelala juu ya nyumba, huoni paa, sembuse bomba la jiko. Mapazia ya baba yake yamefungwa. Mlango umekomewa kwa ndani. Don Belarmino hakuwahi kutia komeo mchana. Husema mlango uliofungwa ni tusi kwa jirani.

Alitega sikio kwenye ubao. Hakuna redio. Hakuna hata kikohozi. Kikohozi kile kilichomkera miaka yote, leo kutosikika kwake ndiko kulikomtoa machozi.

"Baba!" Alipiga mlango kwa ngumi zote mbili. "Baba, ni Yasna! Nisamehe, Baba! Washa jiko! Washa upendavyo, sikuhamishi popote!"

Komeo likalia.

Joto lilimpiga usoni kwanza, kisha moshi. Ndani ya moshi, sura moja baada ya nyingine: Doña Herminda na karata zake kifuani, mjane wa fundi viatu, ndugu wawili wa mtaa wa chini, watu mpaka juu ya kasha la kuni. Katikati yao, Don Belarmino na fulana tu, jasho linamtiririka, kibuyu cha chai ya yerba mkononi.

"Ingia, ingia, funga mlango!" Doña Herminda alinong'ona. "Leo hata simu hatupokei. Tumesikia gari, tukadhani wakaguzi. Tumebana pumzi hapa, huyu baba yako nusura apasuke!"

Don Belarmino akakohoa, kikohozi chote alichokiweka akiba. Kisha akafuta macho na kuwageukia wageni wake.

"Mmemsikia? Niwashe nipendavyo. Mashahidi ninyi."

"Tumesikia!" wakaitikia kwa pamoja.

Yasna alikuwa anatazama ukutani, pale alipokitundika kipima hewa. Palibaki msumari. Alitoa simu mfukoni. Kijani. Nyuzi nne.

"Baba, kile kimashine kiko wapi?"

Aliyekuwa anachanganya karata akaacha. Mjane wa fundi viatu akaanza kuchunguza dari.

Kwenye soketi, waya mweupe ulikuwa bado umechomekwa. Yasna aliufuata kwa macho: ukashuka, ukapita nyuma ya ndoo, ukapanda tena, ukaingia kwenye ufa wa mlango wa friji. Akaufungua.

Kati ya siagi na paja la kondoo, kitaa cha kijani kilikuwa kimetulia, kikiapa kwamba hewa ni safi.