Mlango Uliosikia Uboho

Enzi hizo, mtu ambaye kinga ya mwili wake ilimgeuka ikampiga mwenyewe alifungiwa na mlango wake. Furaha ikiuchemsha uboho, kitasa kilijikaza mpaka seli mama zizaazo damu humo ubohoni, zilizochoshwa na vita hivyo, zipumzike.

Basi siku ya harusi ya bintiye Raya, Bi Kidawa, naye mgonjwa wa aina hiyo, akakwama chumbani kwa furaha, na kwao bi harusi hatolewi bila kigelegele cha mama.

“Mama Raya, tulia! Kumbuka msiba wa mjomba wako,” mumewe alimsihi dirishani.

“Yule bahili? Si nitacheka!”

Akajilazimisha kutojali, mpaka hata sura ya Raya ikamtoka moyoni. Mlango ukafunguka.

“Haya, kipige kigelegele!” mumewe akamhimiza.

Bi Kidawa akamtazama bi harusi kama anayemtazama mpita njia, akafungua kinywa, akapiga mwayo.