Kitufe Kisichoitika

Shangazi alibonyeza kitufe cha kuagizia maziwa kwenye simu, akasikiliza, akabonyeza tena na tena mpaka kucha ikawa nyeupe.

“Shangazi, mara moja inatosha!” Naisula alishika kichwa. Kitufe alikiunda mwenyewe kwa JavaScript, lugha ya kompyuta, na kila mguso ulituma oda mpya.

“Mtu akipiga hodi si anaitikiwa? Hiki chako kimya tu, nikajua hakuna mtu.”

Naisula akacheka, akavuta kompyuta. Akakiagiza kitufe kiitike papo hapo, kisha kisipokee mguso mwingine hadi muuza maziwa ajibu.

Shangazi akakigusa taratibu.

“Karibu,” kikasema. Shangazi akatabasamu.

Getini pikipiki ya muuza maziwa ikazimwa. “Hodi! Jamani, madumu yote haya, leo kuna harusi?”

Shangazi akaficha kidole ndani ya kanga. Hakuitika.