Kikaratasi cha Mhandisi

Mhandisi Lugendo aliingia kwenye chumba cha mitambo na bisibisi ambayo bado ilikuwa na kibandiko cha dukani. Alitumwa kufunga swichi mpya ya mtandao, ile inayopeleka amri kwa mashine zote za kiwanda cha sukari. Ilikuwa na njia mbili za kuingizia umeme, ili moja ikikatika nyingine ishike. Lugendo akavuta nyaya za njia zote mbili hadi kwenye breka moja, kile kitufe cha ukutani cha kukatia umeme.

Fundi Nyamizi, aliyeitunza mitambo hiyo miaka ishirini, alimtazama kama mtu anavyomtazama mende aliyeangukia unga.

"Mhandisi, umeme wote umeutoa sehemu moja."

"Mama, huoni taa mbili za kijani zinawaka? Haya mambo tumeyasomea."

"Sawa. Basi andika jina."

Hiyo ndiyo desturi ya karakana yao: anayefunga waya huacha kikaratasi chenye jina lake, ili siku ya lawama asisumbuliwe mwingine. Lugendo aliandika jina, akaongeza shahada zake zote, akamalizia kwa saini yenye mkia mrefu.

Meneja akaingia na wageni.

"Umeme wa upande mmoja ukikatika, mashine hazisimami," Lugendo aliwatangazia.

"Ngoja niwaonyeshe," alisema Nyamizi, akaweka kidole juu ya breka.

Kikaratasi kilikuwa kikipepea kwa upepo wa feni. Lugendo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, alizifuata zile nyaya mbili kwa macho, taratibu, mpaka zilipokutana chini ya kidole cha yule mama.