Gogo la Kila Jumamosi

Gogo la leo lilikuwa nene kuliko yote yaliyotangulia. Lilikuwa limekingama njiani kutoka ukingo hadi ukingo, limejinyoosha kama mwenye nyumba.

Kinyozi alizima pikipiki, akavua kofia ngumu, akalitukana. Kisha akafungua kamba nyuma ya kiti na kutoa msumeno. Kulizunguka hakungewezekana, maana huku kulikuwa na mtaro na huku miba.

Wiki nzima mtu huyu husimama kwenye kibanda chake cha kunyolea, anazunguka kichwa kimoja baada ya kingine, masikio yamejaa habari za ndoa za watu. Jumamosi ndiyo siku yake. Hupanda pikipiki yenye matairi ya meno makubwa, akapotelea kwenye njia za mashambani, akarudi jioni na matope hadi kwenye nyusi, roho kwatu. Shida ni kwamba njia zilikuwa zinakwisha. Moja mtu alikuwa ameipanda mahindi. Nyingine ilifungwa kwa seng'enge. Ilibaki hii tu, na sasa hii nayo ilikuwa inaota magogo.

"Shikamoo, mama," alisema bila kuacha kukata, maana alikwisha kusikia ndara zikija.

"Marahaba, mwanangu. Pole. Na leo limekuwa kubwa, jamani."

Alikuwa bi mkubwa wa nyumba ya kando ya njia, ameshika kikombe cha chai kama kawaida yake. Tangu magogo yaanze, hakuna Jumamosi ambayo Kinyozi alikata kwa koo kavu. Watu wema bado wapo, na jambo hilo lilimgusa sana.

"Ni yule mwenye trekta, sivyo?" aliuliza. "Mwenye shamba hili?"

Bi mkubwa alishusha pumzi. "Yule ana kichwa kigumu, mwanangu. Mvivu, hasikii. Nimemsema tangu akiwa mdogo, mpaka mdomo umechoka."

"Nitamkomesha."

"Kunywa chai kwanza. Halafu ukate vipande vifupivifupi, usije ukaumia mgongo kuviondoa. Uvipange pale kwenye ua wangu, visirudi njiani."

Kinyozi akakata vifupivifupi, akavipanga vizuri. Alijua fika kwamba Jumamosi ijayo havitakuwepo. Havikuwahi kuwepo. Yule mwenye trekta hakuwa mjinga; alikuwa anaficha ushahidi.

Nyumbani mke wake alimtazama akiingia anachechemea, viganja vimechubuka.

"Mti umelalia banda la kuku tangu mvua zilipoanza," alisema mkewe. "Huo msumeno wako hauuoni?"

"Huo hauzuii njia ya umma," alijibu Kinyozi, na akalala na viatu.

Jumatatu aliitwa ofisini kwa afisa wa barabara. Kulikuwa na ramani kubwa ukutani na feni iliyokuwa inapiga kelele bila kuleta upepo. Afisa alikuwa tayari na kifutio mkononi.

"Nilipita kule Jumamosi asubuhi na mapema," alisema afisa. "Nikakuta gogo. Kwangu mimi hiyo si njia tena."

"Nililikata! Kila wiki nalikata!"

"Ndugu yangu, njia ya kukatwa kila wiki si njia, ni shamba la miti. Niletee picha ya huyo anayeweka gogo, nami nitashughulika naye. Usipoleta, wiki ijayo naifuta, na mwenye shamba apande anachotaka."

Kinyozi alitoka pale. Alijiona akizeeka ndani ya kibanda, Jumamosi na Jumapili, akinyoa na kusikiliza. Hapo ndipo alipopiga moyo konde.

Ijumaa alasiri alifunga kibanda mapema mno. Mteja wake wa mwisho aliondoka na ndevu za upande mmoja ndefu kuliko za upande wa pili, akaambiwa ndiyo mtindo. Kinyozi aliificha pikipiki kichakani, akajibanza nyuma ya miba iliyomtambua mara moja, na kuandaa simu.

Hakungoja sana. Trekta ilisikika ikikohoa, kisha ikatokea, imefunga gogo kwa mnyororo na kuliburuta nyuma yake. Juu yake alikaa jibaba zima lenye kofia ya majani. Kinyozi alimwona mbaya wake kwa mara ya kwanza, na damu ikamchemka. Akapiga picha ya trekta. Akapiga ya mnyororo. Mwanamume akashuka, akafungua gogo, akasimama kufuta jasho.

Kinyozi alikuwa amekwisha kuinuka nusu, na maneno makali ameyapanga mdomoni, geti la bi mkubwa lilipofunguliwa. Roho ikamruka. Yule mama wa watu alikuwa anakwenda moja kwa moja kwa jitu lile, peke yake, hana hata fimbo! Alitaka kumpigia kelele arudi ndani. Hata hivyo akajikaza, akaelekeza simu upya. Kumbe angepata na shahidi.

Mwenye trekta akavua kofia haraka, kwa adabu zote.

"Mama, hapa panatosha?"

"Lisogeze katikati," alisema bi mkubwa. "Ukimwachia upenyo atapita zake, halafu hizo kuni utakuja kunikatia wewe?"